Jinsi ya kuunda upya neno "anga" la Mame-Slavi, na kulinyambua

Chukua daftari. Neno letu ni *nebo, la Mame-Slavi, yaani lugha ya kale iliyozaa lugha zote za Kislavi, na nyota hiyo ya mbele ina maana ileile iliyo nayo katika Mame-Bantu, mzazi wa lugha za Kibantu: hakuna aliyelikuta limeandikwa, tumelifikia kwa kulinganisha.

Hatua ya 1. Kusanya ndugu. Kirusi, Kiukraini, Kiserbia na Kislovenia wanasema nebo, Kipolandi niebo, Kicheki nebe. Kufikia hapo ni rahisi mno, na ndipo wengi hukosea kwa kufunga daftari.

Hatua ya 2. Tafuta kinachokera. Wingi wa Kirusi ni nebesa. Hiyo -es- imetoka wapi? Nilipoanza kazi hii niliiandika kama kiambishi cha wingi, nikaharibu ukurasa mzima. Si cha wingi hata kidogo; ni kipande cha shina, na umoja ndio ulioipoteza.

Hatua ya 3. Toka nje ya ukoo. Kigiriki cha kale kina nephos, "wingu". Kisanskriti nabhas, "ukungu, wingu, anga". Kihiti, lugha ya kale iliyokufa, kina nepis, "anga". Zote zina s mwishoni, kwa hiyo shina la Kihindi-Kiulaya, lugha mzazi wa hizi zote pamoja na Kislavi, ni *nebhos, lenye sura ya pili *nebhes-. Katika Kislavi bh ikawa b, na s ya mwisho ikadondoka. Ilipofuatwa na irabu ilisalia: nebes-. Kama mtu atakuuliza wingu linageukaje anga, mwonyeshe wingu na mbingu za kwetu.

Hatua ya 4. Panga maumbo. Alama ь na ъ ni irabu fupi mno, ya kwanza karibu na i, ya pili karibu na u; x husomwa kama kh.

Umoja: kiima na yambwa *nebo, "-a anga" *nebese, "kwa ajili ya anga" *nebesi, "kwa anga" (kifaa) *nebesьmь, mahali *nebese.

Wingi, kwa mpangilio uleule: *nebesa, *nebesъ, *nebesьmъ, *nebesy, *nebesьxъ.

Kulikuwa na uwili pia, yaani maumbo ya vitu viwili tu, lakini usianze nao.

Hatua ya 5. Pima kwa maandishi. Kislavi cha Kale cha Kanisa, lugha ya Kislavi iliyoandikwa zamani, kina Sala ya Bwana: iže jesi na nebesьxъ, "uliye mbinguni". Ni umbo letu la mwisho hilohilo, tena la wingi, likiwa kazini.

Hatua ya 6. Chunguza waliopotea. Kwa "-a anga" Kirusi leo husema neba, si nebese, kwa kufuata majina mengine ya -o. Kina pia njobo, "kaakaa", ambalo ni neno lilelile: hilo lilifuata mabadiliko ya sauti ya Kirusi chenyewe, wakati nebo la anga limebaki na e kwa nguvu ya lugha ya kanisani.

Ukimaliza, jaribu čudo, "muujiza". Wingi wake wa Kirusi ni čudesa, kwa hiyo unajua pa kuanzia.