Somo: Kupima athari za tabianchi kwenye kemia ya majani ya misonobari

Mtu huchuma majani mlimani, akachuma mengine bondeni, akapima, na akiona tofauti husema "ni baridi". Huenda ni baridi kweli. Huenda pia ni umri wa jani, au nasaba ya mti.

Hatua ya 1. Amua unatafuta nini. Terpini, yaani kemikali za utomvu kama alfa-pinini na limonini, ndizo zinazonukia, nazo hukaa kwenye mifereji ya utomvu ndani ya jani. Mchanganyiko wake mti huurithi kwa kiasi kikubwa. Flavonoidi, kemikali za kundi la fenoli zinazolikinga jani na mionzi, ni nyepesi zaidi kuitikia mazingira: mionzi ya urujuanimno ikizidi, huongezeka kwenye ngozi ya jani. Sukari nazo hupanda majira ya baridi kali, zikizikinga seli zisiharibiwe na barafu.

Hatua ya 2. Chuma majani ya umri mmoja. Tawi moja hubeba majani ya miaka kadhaa, kwa hiyo hesabu vituo vya ukuaji (alama za mwisho wa ukuaji wa kila mwaka kwenye tawi) kuanzia nchani. Upande wa jua, kimo na saa ya kuchuma visibadilike.

Hatua ya 3. Gandisha papo hapo. Oveni isahau kabisa kama unataka terpini: alfa-pinini huchemka kwenye nyuzi 156 hivi, lakini hupaa hata kwenye joto la chumba.

Hatua ya 4. Saga yangali yameganda. Loweka fungu moja kwenye heksani, kiyeyushi, kwa ajili ya terpini (inashika moto haraka, angalieni), jingine kwenye methanoli yenye maji kwa ajili ya fenoli, zikiwemo flavonoidi. Terpini zipime kwa kromatografia ya gesi, mbinu ya kutenganisha kemikali zikiwa mvuke.

Hatua ya 5. Gawanya kiasi ulichopata kwa uzito mkavu, uliopimwa kwenye fungu la pembeni. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Jani la ukame lina maji machache, hivyo ukitumia uzito mbichi kila kitu kitaonekana kimepanda hata kama hakuna kilichoongezeka.

MASWALI

Mwalimu, ukame unaongeza terpini au unapunguza?
Yote mawili. Ukame wa wastani husimamisha ukuaji kabla ya usanisinuru kudorora, na kaboni inayobaki inaweza kwenda kwenye kinga. Ukame mkali hufunga stomata, vitundu vya jani vinavyoingiza hewa, kwa muda mrefu. Kaboni ikikosekana, hata terpini mpya hazitengenezwi vizuri.

Siku ya joto msitu hunukia sana. Si ndiyo kusema terpini zimezidi kwenye jani?
Hapana, ndugu. Joto likipanda nyuzi 10, utoaji wa monoterpini (terpini ndogo kama alfa-pinini) kutoka kwenye akiba ya jani huongezeka takriban mara mbili na nusu. Hiyo ni kasi ya kutoka. Akiba yenyewe ipime kando.

Nina miti miwili tu, mmoja kila eneo. Inatosha?
Haitoshi, hutaweza kutenganisha urithi na tabianchi. Tafuta miti iliyopandikizwa kutoka mti mama mmoja, iliyokuzwa maeneo yote mawili. Ikikosekana, chukua miti mingi kila eneo.