Mawazo ya saa nane usiku
Jamani wenzangu mnaoshtuka saa nane usiku alafu kichwa kinaanza, sijui kodi, sijui bosi kajibu "sawa" tu bila neno lingine kwani nimemkosea nini, hebu jaribuni hii. Usibishane na hayo mawazo kitandani, hutashinda. Weka kidaftari na kalamu karibu na mto, sio simu maana ukiishika utajikuta WhatsApp mpaka adhana ya alfajiri, andika kila wazo mstari mmoja alafu liambie tutaonana kesho saa kumi na mbili jioni. Na kesho kweli kaa nayo, dakika 15, chai mkononi, soma moja moja: hili naweza kulifanyia kitu? Kama ndio, andika hatua moja ndogo, mfano kumpigia mwenye nyumba. Kama hapana, kata mstari. Mimi mengi nikiyasoma jioni nayakuta yameshapoa kabisa.

Kifua kikibana, vuta pumzi kwa hesabu ya 4 toa taratibu kwa 6, ile kutoa kwa muda mrefu ndo inapunguza mapigo ya moyo. Na kama wiki zinapita hulali wala huli vizuri, nenda hospitali ukamweleze daktari kama unavyoeleza malaria.