Namna ya Kumpendekezea Bendi za Roki Msikilizaji Anayezikataa

Kabla hujafungua simu na kumwekea mtu wimbo wowote, muulize anachokikataa ni kipi hasa. Neno roki katika vijiwe vya Mtwara na Lindi hubeba mambo mengi kwa pamoja: mmoja humaanisha gita linalokwaruza, mwingine humaanisha mwimbaji anayepiga mayowe, mwingine hufikiria mafuvu yaliyochorwa kwenye fulana za mtumba, na wapo ambao hawajawahi kusikia wimbo mzima ila wamerithi kauli kwamba huo ni muziki wa shetani. Bendi itakayomfaa mmoja wao inaweza kumfukuza kabisa mwenzake. Anayependekeza bila kuuliza huishia kutaja anachokipenda yeye mwenyewe, na mapendekezo mengi hufia hapo.

Swali linalofuata ni zito zaidi: yeye anapenda muziki gani, na katika muziki huo anasubiri nini? Mtu wa makamo aliyekulia Masasi au Nachingwea akisikiliza redio atakutajia Msondo Ngoma, Sikinde, Maquis au Mbaraka Mwinshehe, na ukimdadisi atakwambia kwamba anachokisubiri ni chemko, pale waimbaji wanaponyamaza na magita yakaanza kujibizana. Ukishalipata jibu hilo, kazi yako imekuwa nyepesi kuliko unavyodhani, kwa sababu una mbele yako mtu aliyezoea kusikiliza gita la solo kwa makini tangu utotoni. Sikio lake limeshafundishwa. Kinachobaki ni kumpa gita ambalo halitamshtua.

Kwa msikilizaji wa namna hiyo mimi huanza na Dire Straits, bendi ya London, na wimbo wao wa mwaka 1978 uitwao Sultans of Swing. Mark Knopfler analipiga gita lake kwa vidole vitupu bila kipande cha plastiki, na sauti inatoka safi, kila noti ikisikika peke yake, jambo ambalo wapenzi wa dansi hulithamini sana. Mweleze kisa kabla ya kubonyeza: ni habari ya wanamuziki wa baa wanaopiga jazi ya zamani mbele ya watu wachache usiku wa mvua, huku vijana waliokaa pembeni hawana habari na bendi yenye tarumbeta, na mmoja wa wanamuziki hao ana kazi yake ya mchana wala hasumbuliwi na umaarufu. Yeyote aliyewahi kuiona bendi ya dansi ikipiga mpaka usiku wa manane kwenye ukumbi ulio nusu tupu atakielewa kisa hicho bila kutafsiriwa mstari kwa mstari. Mwambie pia avumilie hadi mwisho, kwa sababu gita linaachiwa uwanja dakika ya mwisho na hapo ndipo penye chemko lake. Mwaka huohuo wa 1978 ndipo ilipoundwa DDC Mlimani Park, yaani Sikinde yenyewe, na ni vizuri kulitaja hilo kwa mpenzi wa Sikinde, kwani humsaidia kuuweka wimbo wa kigeni ndani ya kumbukumbu zake mwenyewe.

Baada ya hapo mpeleke kwa Santana. Bendi hii ya San Francisco, inayoongozwa na Carlos Santana aliyezaliwa Mexico, ilichanganya gita la umeme na tumba, na mwaka 1970 katika albamu ya Abraxas ikaurekodi upya wimbo wa Oye Como Va uliotungwa na Tito Puente. Mdundo wake ni chacha. Muziki wa Kuba ulifika Kongo na Tanganyika kwa njia ya santuri, ukawalea wapigaji wetu wa dansi, na muziki huohuo ndio uliomlea Puente. Kwa hiyo msikilizaji wako anaposema kwamba hapo anasikia kitu anachokifahamu, hajidanganyi. Mwache aseme hivyo kwa kinywa chake. Hoja aliyoigundua mwenyewe ataitetea mbele ya wengine, wakati hoja uliyompa wewe ataisahau kesho.

Kijana wa singeli anahitaji njia nyingine kabisa, maana dakika sita za gita lililotulia zitamchosha. Mpe Ramones wa New York, ambao albamu yao ya kwanza ya mwaka 1976 ina nyimbo 14 zinazokwisha ndani ya nusu saa, au Bad Brains wa Washington, vijana weusi waliopiga kwa kasi ambayo hata shabiki wa singeli ataiheshimu.

Mpenzi wa ngoma naye ana mlango wake. Aliyekua akisikia ngoma za sindimba hawezi kudharau mpigaji wa ngoma mwenye nguvu, na John Bonham wa Led Zeppelin alikuwa wa aina hiyo. Mwekee When the Levee Breaks ya mwaka 1971. Ngoma zake zilirekodiwa chini ya ngazi za nyumba kubwa ya zamani huko Uingereza, vipaza sauti vikiwa vimening'inizwa juu, ndiyo maana kila pigo linarudi na mwangwi mzito. Wimbo wenyewe ni wa mwaka 1929, uliotungwa na Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie, Wamarekani weusi, kuhusu mafuriko makubwa ya mto Mississippi ya mwaka 1927. Watu wa Kilwa na Lindi walioyaona mafuriko ya Januari 2020 wanajua maana ya kuhama nyumba kwa sababu ya maji, na sioni kosa kumkumbusha msikilizaji jambo hilo, mradi usilitumie kama chambo kwa mtu aliyefiwa.

Sasa tuje kwenye ubishi wenyewe. Ubishi wa Simba na Yanga una msimamo wa ligi wa kuumaliza, lakini ubishi wa muziki hauna, kwa hiyo kutaja idadi ya santuri zilizouzwa au ukubwa wa viwanja vilivyojaa hakumshawishi mtu yeyote. Humfanya ajione anaambiwa kwamba sikio lake ni dogo. Usiushushe hata kidogo muziki anaoupenda. Ukisema taarabu ni ya kizamani au bongo fleva haina kitu, umeshapoteza, hata kama utakachomwekea baadaye ni kizuri kiasi gani.

Anayesema ni kelele ana haki ya kupewa jibu la kweli. Mkwaruzo ule hutokea pale amplifaya inaposukumwa kupita uwezo wake, ikakata vilele vya mawimbi ya sauti na kuzalisha sauti za ziada juu ya noti ya msingi. Wapigaji walilipenda tokeo hilo wakalifanya chombo. Mafundi wa ilimba, marimba ya mkono ya Wagogo, hufanya jambo la jamaa moja wanapofunika tundu la chombo kwa utando wa buibui ili noti ivume na kutetema. Kisha msimulie habari ya Tony Iommi, mpiga gita wa bendi ya Black Sabbath, aliyekatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani mjini Birmingham alipokuwa na umri wa miaka 17, akajitengenezea kofia za vidole, akatumia nyuzi nyepesi na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Uzito wa sauti uliozaa muziki wote wa metali, yaani roki nzito, ulitokana kwa sehemu kubwa na jeraha hilo. Nimeona watu wakibadilika uso wanaposikia habari hii, kwa sababu kile walichodhani ni fujo kinageuka kuwa kazi ya mtu aliyekataa kuacha gita.

Hoja ya shetani ichukuliwe kwa heshima, hasa ikitoka kwa mtu wa dini. Kubali kwamba zipo bendi zinazochezea alama hizo, na kwamba huna haja ya kumsikilizisha. Kisha mtajie Sister Rosetta Tharpe, mwanamke mweusi aliyeimba nyimbo za injili kwa gita la umeme kabla ya Chuck Berry na Little Richard, nyota wa mwanzo wa roki, na ambaye wengi humhesabu miongoni mwa walioizaa roki. Kwa yeye hoja mbili hujibiwa kwa mpigo mmoja, kwani anayedai kwamba muziki huu ni wa Wazungu tangu asili naye atalazimika kufikiri upya. Unaweza kuongeza kwamba Freddie Mercury wa Queen alizaliwa Unguja mwaka 1946, kwamba Zambia ya miaka ya 1970 ilikuwa na bendi kama WITCH na Amanaz, na kwamba Dar es Salaam ilikuwa na Sunburst. Usiitegemee sana orodha hiyo. Asili humfanya mtu akubali kusikiliza, ila haimfanyi apende.

Kuhusu maneno yasiyoeleweka, mkumbushe kwa upole kwamba Watanzania wamecheza nyimbo za Kilingala za Franco kwa miongo mingi bila kujua kila neno, na hakuna aliyelalamika.

Ikiwa mbishi wako ni mkubwa kwako, lugha ibadilike. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, neno la mjomba lina uzito, na mpwa hamfundishi mjomba wake muziki. Anaweza kumwomba hukumu: "Shikamoo mjomba. Kuna gita moja ningependa ulisikilize, kisha uniambie huyu mpigaji umemwonaje." Hukumu ikiwa mbaya, ipokee, na uulize ni sehemu gani ya wimbo iliyomchosha. Jibu lake ndilo litakalokuelekeza kwenye wimbo unaofuata.

Angalia pia chombo. Spika ya simu huua besi na kuacha vyuma vinavyokwaruza tu, na sabufa iliyopangwa kwa ajili ya bongo fleva huzima gita. Punguza besi, au tumia spika za masikioni. Wimbo uwe mmoja kwa siku, uwe mzima, na usizungumze ukiwa unapigwa. Safari ya basi kati ya Mtwara na Masasi inafaa kuliko kijiwe cha kahawa chenye watu kumi wanaongoja kucheka.

Akiuliza jina la bendi kwa hiari yake, usimmwagie bendi nyingine tano. Mpe albamu moja ya bendi hiyohiyo. Kama ni Dire Straits, mpe ile ya kwanza ya mwaka 1978, iliyojaa gita safi tangu mwanzo. Ile maarufu ya mwaka 1985, Brothers in Arms, ina vinanda vingi vya umeme ambavyo sikio la dansi huvikwepa, kwa hiyo itunze mpaka atakapoiulizia mwenyewe.