Sofboksi ya flashi ndogo: angalia upepo na umbali kwanza

Watu huniuliza sana, ninunue sofboksi (kile kisanduku cha kitambaa cha kulainisha mwanga) saizi gani kwa flashi yangu hii ya juu ya kamera, na mimi kwanza namuuliza, wewe wapiga wapi? Maanake kupiga picha sebuleni Mji wa Kale hapa Mombasa na kupiga maharusi jioni pale ufukweni Mama Ngina ni kazi mbili mbalimbali kabisa.

Mwanga unakuwa laini kulingana na vile sofboksi inavyoonekana kubwa ukisimama pale alipo anayepigwa. Ya sentimita 60 ukiiweka karibu, mita moja hivi, uso unatoka mzuri sana, lakini hiyohiyo ukiirudisha mita tatu imeshakuwa kama taa ndogo tu, jasho la paji lote linang'aa, na hapa kwetu jasho halikosi. Tena ukiongeza umbali mara mbili mwanga unaofika ni robo, flashi inapiga nguvu zake zote, betri zinachelewa kujaza na bibi harusi keshachoka kutabasamu. Kwa hivyo uso na mabega 60 yatosha, watu wawili tafuta 90 ya pembe nane. Ile ya 120 na flashi moja, nje jua likiwaka, mimi sishauri, flashi itaishiwa nguvu.

Sasa upepo. Kusi ikivuma sofboksi ni tanga, wallahi. Yangu ya 90 iliwahi kuondoka na stendi yake ufuoni Nyali, ikaangukia flashi na kile kiguu chake cha chini, kinachoingia juu ya kamera, kikakatika palepale, roho iliniuma. Tangu siku hiyo pwani nabeba ya 60, na mfuko naujaza mchanga hapohapo naufunga kwenye mguu wa stendi, au nakuwa na mtu wa kushika, na mtu ndio bora.

Brakiti, kile kishikio cha kuunganisha flashi na sofboksi juu ya stendi, chukua ile inayobana kichwa cha flashi, yenye mdomo wa Bowens (aina ya mdomo wa kufungia sofboksi), uzito hauning'inii kwenye kiguu na siku ukinunua taa kubwa ya mdomo huo sofboksi zako bado zafaa.

Dukani usikubali kuiangalia ikiwa kwenye mfuko, ifungue. Inayofunguka kama mwavuli ndio ya harusi, hizi za kuchomeka vyuma kimoja kimoja zitakuchelewesha. Iwe na vitambaa viwili vyeupe, cha ndani na cha nje, na uviweke kando ya karatasi nyeupe, kikiwa na umanjano gauni nalo litatoka na umanjano. Kisha fungia flashi, zumu ya flashi iweke 24 ili mwanga utawanyike, upige picha sofboksi yenyewe ukiwa umepunguza mwanga kwenye kamera. Ukiona katikati kuna doa linawaka na kingo zina giza, irudishe, umwombe akutolee nyingine.

Na ukitoka pwani vifute vile vyuma kwa kitambaa kikavu usiku huohuo, chumvi haingoji kesho.