Kufailia watu ritani za KRA bila presha ya tarehe 30 Juni

Kama una saiba ama kaofisi kadogo na unafailia watu ritani, ile ripoti ya mapato ya mwaka inayopelekwa KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, basi unaijua Juni. Mwanzo wa mwezi umekaa tu unatoa kopi za vitambulisho, ikifika tarehe 25 watu washaanza kujaa mlangoni, na tarehe 30 yenyewe iTax, tovuti ya KRA, inazunguka mpaka usiku huku mteja amesimama nyuma ya kiti chako anauliza kila dakika mbili, imeingia? Mimi niko Mtwapa, hii kazi nimeifanya miaka kadhaa sasa, na shida nyingi ninazoziona siku ya mwisho zilikuwa zinaweza kumalizwa Februari kwa dakika kumi. Kwa hivyo naandika hapa vile mimi nafanya, wewe chukua inayokufaa.

Mteja akikaa, usiguse kwanza P9, ile karatasi ya mwajiri yenye mshahara na makato ya mwaka mzima. Ingia iTax naye akiwa hapo hapo. Weka PIN yake, ile namba yake ya mlipa kodi, weka paswadi, jibu kale kahesabu ka kujumlisha ama kutoa, uone kama akaunti inafunguka. Wengi hawakumbuki paswadi na hilo si kosa lao, mtu anaingia mara moja kwa mwaka atakumbukaje? Unabonyeza pale pa kusahau paswadi na KRA inatuma nyingine kwa imeili, na hapo sasa ndio kesi inapoanzia, manake ni imeili gani?

Kuna mwaka alikuja dada mmoja nesi, tarehe 28, P9 yake safi kabisa ameiweka kwa faili ya plastiki, kodi yote imekatwa na mwajiri hadaiwi hata shilingi. Kazi ya robo saa. Kumbe PIN alifunguliwa na jamaa wa saiba moja akiwa bado chuoni, na yule jamaa aliweka imeili yake mwenyewe kwa sababu wakati huo dada hakuwa nayo. Tukapiga simu, haipatikani, tukauliza uliza tukaambiwa alienda Saudia kitambo. Nikamwambia dada aende Huduma Centre na kitambulisho chake orijino wambadilishie imeili, akaenda, akapata foleni imetoka mpaka nje na zamu ya usiku inamngoja, akarudi kazini. Akapigwa faini ya 2,000 kwa ritani isiyo na deni lolote. Ile sura yake siku alipokuja kulipa sijaisahau, kwa hivyo naomba sana, ukimfungulia mtu PIN weka imeili YAKE na namba YAKE. Hana imeili, mfungulie kwa simu yake mwenyewe, namba ya kurudishia akaunti iwe yake, na paswadi aiandike kwa mkono wake mahali anapopajua, si wewe kwa daftari lako. Na wale ambao tayari wako na imeili za watu wengine, waambie wakabadilishe Februari ama Machi, huko ofisini kukiwa na nafasi.

Tukiwa hapo hapo kwa mambo ya siri za watu. Kompyuta ikikuuliza kama iweke paswadi ya mteja, kataa. Picha za vitambulisho na P9 ulizotumiwa kwa WhatsApp zifute kazi ikiisha. Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na inatuhusu hata sisi wa meza mbili. Lakini hata bila sheria, mshahara wa mtu ni siri yake, usisome kwa sauti mbele ya foleni. Nimeona watu wakifanya hivyo na inaudhi sana.

Haya, P9. Walimu wanajichapishia wenyewe kwa mtandao wa TSC, tume inayowaajiri, wengine wanapewa na ofisi zao, na wengine ndio hao wanaanza kuitafuta wiki ya mwisho wakati karani wa mishahara yuko likizo. Kabla hujajaza chochote iangalie kwa macho. PIN ya mwajiri iko na herufi na namba 11 kwa jumla, ya kampuni inaanza na P, inaishia na herufi, katikati namba tisa, na hapo kati hakuna herufi O hata moja, ni sifuri zote, hilo peke yake limeshanipotezea muda mwingi. Hesabu miezi, je iko kumi na mbili? Kama ni saba muulize, mama, hii miezi mitano mingine ulikuwa wapi? Mara nyingi alikuwa na kazi nyingine na P9 nyingine ameiacha nyumbani.

Halafu mjue namba gani inaenda wapi. Mshahara mzima kabla ya makato unaenda sehemu F ya fomu ya ritani. Mshahara unaotozwa kodi na ile PAYE, kodi anayoikata mwajiri kila mwezi, zinaenda sehemu M. Michango ya penshoni na rilifu, yaani punguzo la kodi, inakuwa sehemu T, ile ya mwisho ya hesabu. Ukisahau penshoni ya mtu iTax itakwambia anadaiwa, mteja ashtuke bure, na kumbe ni wewe umeruka kisanduku kimoja. Rilifu ya kila mtu ni 2,400 kwa mwezi, mwaka mzima 28,800.

Kwa ritani za mwaka wa 2025 kuna kitu kinachanganya watu sana. Zamani NHIF, ile bima ya afya ya zamani, na makato ya nyumba za bei nafuu tulikuwa tunayajaza kama rilifu ya 15%. Hiyo iliisha na mabadiliko ya sheria yaliyoanza 27 Desemba 2024, sasa SHIF, bima iliyochukua nafasi ya NHIF, ile 2.75% na makato ya nyumba 1.5% yanatolewa kwa mshahara kabla kodi haijapigwa. Kiwango cha penshoni kisichotozwa kodi nacho kilipanda kutoka 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Kwa hivyo ukifuata mtindo uliokariri mwaka wa 2023 utapata jibu tofauti na P9 na utakaa hapo saa nzima ukidhani sistimu imeharibika. Bima za maisha na elimu bado ziko na rilifu yake ya 15%, mwisho 60,000 kwa mwaka, lakini mteja alete cheti cha kampuni ya bima, asikwambie tu kwa mdomo.

Sasa mtu wa P9 mbili. Hapa naomba mkae vizuri, manake ndio mahali watu wanagombana na sisi. Mtu anafundisha shule ya praiveti asubuhi, jioni yuko na chuo, kila upande unamlipa 30,000. Tuachane kwanza na NSSF na makato mengine tuone tu picha. Kila mwajiri anapiga hesabu kama yeye peke yake ndiye anamlipa, 24,000 za kwanza kwa 10% ni 2,400, zile 6,000 zilizobaki kwa 25% ni 1,500, anatoa rilifu 2,400, anakata 1,500. Waajiri wawili ni 3,000 kwa mwezi. Lakini kwa ritani mishahara inajumlishwa inakuwa 60,000 na rilifu ni moja tu, na sehemu kubwa inaingia kwenye 30%, kodi inatoka kama 10,383. Tofauti ni 7,383 kila mwezi, na kwa mwaka ni karibu 88,600. Huyo mtu amekuja na 300 ya kukulipa wewe na unamwambia anadaiwa elfu themanini na kitu. Atasema wewe ndiye hujui kazi. Usibishane, chukua karatasi, mpigie hiyo hesabu polepole akiona. Na usikubali akikwambia basi weka P9 moja tu ile nyingine tuiache, mwajiri wa pili tayari amemripoti KRA kwa PAYE ya kila mwezi, siku moja itaonekana tu na itakuja na faini na riba. Cha kumsaidia ni kumwambia mapema, amwombe mwajiri mmoja asimpe rilifu na amkate zaidi mwaka unaofuata, na deni la sasa aombe kulipa kwa awamu.

Na kitu wengi hawajui, kufaili ni mpaka 30 Juni lakini deni la kodi mwisho wake ni 30 Aprili. Ukipita hapo kuna 5% ya kuchelewa kulipa na riba ya 1% kila mwezi. Ndio maana mtu wa P9 mbili namwita Februari, simngojei anikumbuke yeye.

Kuna na ile nyingine inauma. Mtu amekatwa PAYE mwaka mzima, peislipu zinaonyesha, lakini kwa iTax miezi mingine haipo kwa sababu mwajiri hakupeleka. Nimeshaona mwajiri mmoja huku kwetu amefanya hivyo kwa watu kibao, walinzi na wapishi, watu wa mshahara mdogo kabisa. Hapo usimjazie namba za kubahatisha ili tu ritani ipite. Jaza kulingana na P9, chukua kopi za peislipu zote, msaidie kuandika barua kwa mwajiri akidai uthibitisho wa malipo, na kopi apeleke KRA. Inachosha lakini zile karatasi ndizo zitamtetea.

Upande wa kompyuta. Mwenye mshahara peke yake si lazima Excel, kuna fomu ya mshahara tu unajaza hapo hapo mtandaoni, itumie. Mwenye biashara ama vitu vingi ndio unadaunlodi ile shiti ya Excel. Siku hizi Excel inazuia makro, vile vijiprogramu vya ndani ya faili, kwa faili zilizotoka intaneti, kwa hivyo ukiifungua unabonyeza na hakuna kinachofanyika. Funga, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, nenda Properties, chini kabisa kuna kakisanduku ka Unblock, weka tiki, fungua tena. Hako kamchezo kamewakalisha watu siku nzima. Tarehe za kompyuta ziwe zinaanza na siku halafu mwezi, si mtindo wa Marekani. Ukishavalideti inakutolea kifaili cha zip, usikibadilishe jina, kipakie hivyo hivyo. Na kila mteja apate shiti mpya, usichukue ya aliyepita ufute fute, namba moja ikibaki umempa mtu mshahara wa mwenzake.

Nil, ritani ya mtu asiye na mapato, nayo tunaichukulia rahisi sana. Mtu anakuja, nifailie nil, mia moja hii hapa, na wewe unabonyeza. Muulize kwanza. Ulifanya kazi popote mwaka jana hata miezi miwili? Uko na duka, uko na nyumba za kupangisha? Kuna vijana wa kibarua cha kampuni walikatwa PAYE na hawajui, kumfailia nil ni kumwandikia uongo. Kama ilishafanyika kuna njia ya kurekebisha ritani mle mle kwa iTax, itumieni. Na mwanafunzi aliyechukua PIN kwa ajili ya mkopo wa masomo wa HELB naye anatakiwa kufaili hata kama hana senti, wengi wanakuja kugundua wanapotafuta kazi na kuombwa cheti cha kodi, miaka minne imelala na kila mwaka uko na 2,000 yake.

Wazee wa nyumba za kupangisha nawapenda lakini wana kazi. Vyumba vinne vya 7,000 ni 28,000 kwa mwezi, mwaka 336,000, ashapita ile 288,000 ambayo kodi hii inaanzia, kwa hivyo yuko kwa kodi ya pango 7.5%, yaani 2,100 kila mwezi kabla ya tarehe 20. Hii haingoji Juni. Mwekee alamu kwa simu yake ama ya mjukuu wake. Mwenye duka akivuka milioni moja kwa mwaka na hajafika 25 naye yuko na TOT, kodi ya mauzo, ya 3%, pia kila mwezi. Na anayefaili faida ya biashara kwa ritani ya mwaka, risiti za matumizi ziwe za eTIMS, sistimu ya risiti ya KRA, daftari la mkono halikubaliki tena tangu Januari 2024.

Pesa za KRA zisipite kwako. Toa PRN, ile namba ya malipo, mpe mteja alipe mwenyewe kwa simu yake, Paybill 222222, akaunti ni ile PRN. Wewe chukua hela yako ya kazi tu. Kuna watu waliachia saiba pesa ya kodi na haikufika, na sisi wote tunaonekana wezi kwa ajili hiyo.

Siku tatu za mwisho mimi naanza saa kumi alfajiri, wakati huo iTax inakimbia. Tokeni za stima nanunua za wiki nzima, bando ya pili iko kwa simu nyingine. Wenye karatasi kamili nawashughulikia mbele, wa kutafuta imeili naweka kando. Na hakuna anayetoka bila risiti ya kupokelewa, ile yenye namba, moja imechapishwa na moja iko kwa WhatsApp yake. Skrini ikikwama usiseme imeingia, toka, ingia upya, angalia kwa orodha ya ritani zilizofailiwa kama iko.

Waliokosa kabisa waambie waje Julai hiyo hiyo. Faini haifutiki kwa kujificha, na ritani bado inadaiwa, kwa hivyo mfailie, toa PRN ya ile 2,000, na kama ana deni faini ni 5% ya deni ikiwa hiyo ndio kubwa. Wiki ya kwanza ya Julai mimi nakaa wazi hadi saa mbili usiku kwa ajili yao tu, manake wengi ni watu wa zamu na hawakuweza kutoka kazini.