Mechi Inapokwama: Namna ya Kutuliza Intaneti ya Nyumbani kwa Michezo ya Konsoli

Mtu anayecheza mtandaoni kwa konsoli, akaona mchezaji wake anarudishwa nyuma ghafla au pigo alilolenga sawasawa linahesabiwa kuwa limekosa, kwa kawaida hufikiria kwanza kununua kifurushi chenye kasi kubwa zaidi. Mara nyingi fedha hizo hazileti nafuu yoyote, kwa sababu mchezo wenyewe hutumia data kidogo sana: konsoli hutuma na kupokea pakiti ndogo ndogo mara nyingi kwa kila sekunde, na kwa michezo mingi jumla yake haifiki hata megabiti 1 kwa sekunde. Kasi kubwa husaidia wakati wa kupakua mchezo wenye gigabaiti 100. Mechi ikishaanza, kinachoamua ni muda ambao pakiti inatumia kwenda kwenye seva na kurudi, muda huo kutobadilika sana kati ya pakiti moja na nyingine, na pakiti zote kufika.

Muda huo wa kwenda na kurudi, ambao wachezaji wengi huuita pingi, hupimwa kwa milisekunde. Mchezo unaoonyesha picha 60 kwa sekunde hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 17 hivi, kwa hiyo ucheleweshaji wa milisekunde 50 ni sawa na picha tatu, kiasi ambacho michezo mingi huweza kukifidia vizuri. Ucheleweshaji unaoruka kutoka 30 hadi 200 na kushuka tena ni mbaya kuliko ule uliotulia kwenye 80, kwa kuwa konsoli hukisia hali ya wachezaji wengine kwa kufuata mwenendo wa pakiti zilizotangulia, na makisio hayo huvurugika mwenendo unapoyumba. Ndiyo maana lengo la kwanza ni kutuliza muunganisho, na kuuharakisha huja baadaye.

Pima kabla ya kubadilisha chochote

Kipimo cha kasi kilichomo ndani ya konsoli kinafaa kwa kuanzia, lakini hakitoshi, kwa sababu hakikuonyeshi tatizo liko wapi kati ya chumba chako na seva. Tumia kompyuta iliyounganishwa kwa njia ileile inayotumiwa na konsoli, yaani ikiwa konsoli inatumia Wi-Fi, weka kompyuta mahali palepale na utumie Wi-Fi. Fungua dirisha la amri (Command Prompt kwenye Windows, Terminal kwenye Mac na Linux), kisha pima kwanza ruta yako mwenyewe. Kwenye Windows amri ni ping -n 100 ikifuatwa na anwani ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1; kwenye Mac na Linux, badala ya -n andika -c. Baada ya hapo rudia kipimo hichohicho kwa anwani iliyo nje ya nyumba, kama vile 1.1.1.1 au 8.8.8.8.

Majibu ya ruta kwa njia ya waya yanapaswa kuwa chini ya milisekunde 1 au karibu na hapo, na kwa Wi-Fi nzuri yanapaswa kuwa milisekunde chache tu. Ikiwa ruta iliyo umbali wa mita tano inajibu kwa milisekunde 3, kisha 90, kisha 4, kisha haijibu kabisa, tatizo limo ndani ya nyumba na mtoa huduma hahusiki. Ikiwa ruta inajibu kwa utulivu lakini anwani ya nje inayumba, tatizo liko kwenye laini au zaidi ya hapo.

Kuna kipimo cha tatu ambacho watu wengi hawakifanyi, nami nakiona kuwa muhimu kuliko vyote. Ukiendelea kupima anwani ya nje, mwambie mtu mwingine nyumbani apakie video kubwa kutoka kwenye simu, halafu apakue faili kubwa. Namba zikipanda kutoka 30 hadi 300 au zaidi, umeshapata chanzo cha sehemu kubwa ya usumbufu wako, na tiba yake imeelezwa hapa chini. Fanya vipimo hivi mara mbili, wakati mtandao umetulia na usiku wakati watu wengi wanautumia, uandike matokeo pamoja na saa.

Katika kusoma namba hizo, kumbuka kwamba umbali nao una sehemu yake. Mwanga husafiri ndani ya faiba kwa takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 kati yako na seva huongeza angalau milisekunde 10 za kwenda na kurudi, na hakuna ruta inayoweza kuzipunguza. Mchezo ukikuruhusu kuchagua eneo la seva, chagua lililo karibu. Intaneti ya setilaiti zilizo umbali wa kilomita 35,786 juu ya ikweta haiwezi kushuka chini ya takribani milisekunde 480, kwa hiyo haifai kwa michezo ya mapigano au ya risasi hata ukifanya nini. Setilaiti za chini, zinazozunguka kwenye kimo cha kilomita mia kadhaa, hazina kikwazo hicho.

Waya kwanza

Hatua inayoleta tofauti kubwa kwa gharama ndogo ni kuunganisha konsoli na ruta kwa waya wa Etherneti. Waya wa daraja la Cat 5e, ambao ni wa kawaida kabisa, hupitisha gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, kwa hiyo hakuna haja ya kununua waya wa daraja la juu unaotangazwa kuwa ni wa wachezaji. PlayStation 5 na Xbox Series X na S zote zina tundu lake nyuma. Nintendo Switch ya mwaka 2017 haina tundu hilo kwenye kituo chake cha kuchajia na huhitaji adapta ya USB, ilhali kituo kilichokuja na toleo la OLED la mwaka 2021 kinalo. Waya mwembamba bapa unaweza kupita chini ya mlango au kando ya ukuta bila kumkera mtu yeyote, na dakika za kuulaza vizuri zinalipa kila siku unapocheza.

Mahali ambapo waya hauwezi kufika kabisa, adapta zinazopitisha data kwenye nyaya za umeme za nyumba ni chaguo la pili. Ubora wake hutegemea sana namna nyumba ilivyofungwa umeme, kwa hiyo zinunue pale tu unapoweza kuzirudisha, na uzichomeke moja kwa moja ukutani badala ya kwenye soketi ya kuongezea au kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme, kwa kuwa hivyo hudhoofisha mawimbi yake.

Ukilazimika kutumia Wi-Fi

Tumia masafa ya gigahezi 5 badala ya 2.4 kila inapowezekana. Masafa ya 2.4 hushirikiwa na vifaa vya Bluetooth, Wi-Fi za majirani na hata mikrowevu inayopasha chakula, na kila mgongano hulazimisha pakiti itumwe upya, jambo ambalo kwako huonekana kama ucheleweshaji unaoyumba. Fahamu tu kwamba PlayStation 4 ya kwanza, ya mwaka 2013, haina uwezo wa gigahezi 5; mwenye konsoli hiyo ana sababu kubwa zaidi ya kutafuta waya. Ukibaki kwenye 2.4, chagua chaneli ya 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani, na upana wa megahezi 20. Kwenye gigahezi 5, nchi nyingi hutaka ruta ihame mara moja kutoka kwenye chaneli za 52 hadi 144 inapohisi rada, na kuhama huko katikati ya mechi hukata muunganisho. Chaneli za 36 hadi 48 hazina usumbufu huo.

Ruta iwekwe juu, mahali pa wazi, mbali na kabati la chuma, kioo kikubwa cha ukutani na tangi la samaki. Konsoli nayo isifichwe nyuma ya televisheni. Kuhusu vifaa vya kurudufisha mawimbi, vile vinavyopokea na kutuma kwa redio ileile huongeza ucheleweshaji na kupunguza kasi, kwa hiyo virefushe Wi-Fi ya simu na kompyuta, lakini usiitegemee njia hiyo kwa konsoli. Ukinunua seti ya ruta kadhaa zinazofanya kazi pamoja, ziunganishe kwa waya, kisha uchomeke konsoli kwenye ile iliyo karibu nayo.

Foleni ndani ya ruta

Sasa turudi kwenye kile kipimo cha tatu. Laini inapojaa, pakiti ambazo hazijapata nafasi ya kutoka hupangwa kwenye foleni ndani ya ruta au modemu, kifaa kinachoiunganisha nyumba na laini ya mtoa huduma. Watengenezaji wengi waliweka foleni ndefu ili pakiti zisipotee, na matokeo yake pakiti ndogo ya mchezo husimama nyuma ya maelfu ya pakiti za picha na video, kama pikipiki iliyokwama nyuma ya msafara wa malori kwenye daraja lisilo na nafasi ya kupita. Hesabu yake ni rahisi: foleni ya kilobaiti 256 ina takribani megabiti 2, na ikiwa kasi yako ya kupakia ni megabiti 5 kwa sekunde, kuimaliza huchukua milisekunde 400. Simu moja inayohifadhi picha zake kwenye wingu inatosha kabisa kuijaza, ndiyo maana mchezo hukwama bila mtu yeyote nyumbani kuhisi kwamba anafanya jambo kubwa.

Tiba ya kweli ni ruta inayosimamia foleni hiyo kwa akili. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha kanuni iitwayo CoDel, ambayo hutazama pakiti imekaa foleni kwa muda gani na kuanza kuwapunguza kasi watumaji kabla ucheleweshaji haujakua. Matoleo yaliyofuata, fq_codel na CAKE, huongeza kitu cha thamani kwa mchezaji: kila mtiririko wa data hupewa zamu yake, hivyo pakiti chache za mchezo hazisubiri mzigo wa mtu mwingine umalizike. Tafuta majina hayo, au herufi SQM (kifupi cha Kiingereza cha usimamizi huo wa foleni kwa akili), kwenye mipangilio ya ruta yako. Yamo pia kwenye OpenWrt, programu dhibiti ya bure inayoweza kuwekwa kwenye ruta nyingi.

Ili kuiweka sawasawa, pima kasi halisi ya kupakua na ya kupakia kwa waya wakati hakuna mwingine anayetumia mtandao, kisha ingiza asilimia 85 hadi 90 ya kila namba kama kikomo. Sababu ya kutoa sehemu hiyo ni kwamba foleni lazima ijengeke ndani ya ruta yako, ambako inasimamiwa, badala ya kwenye modemu au kwa mtoa huduma, ambako huna mamlaka nayo. Rudia kipimo cha tatu. Ucheleweshaji ukiendelea kuruka, punguza kikomo kidogo. Ukitulia, kipandishe hatua kwa hatua hadi utakapoona unaanza kuyumba, kisha rudi nyuma kidogo. Kwa intaneti ya 4G au 5G, ambayo kasi yake hubadilika kila saa, tumia kasi ya chini uliyoipata usiku kama msingi. Utapoteza sehemu ndogo ya kasi ya kupakua, na kwa maoni yangu ni biashara nzuri kuliko kifurushi chochote cha bei ya juu.

Kama ruta yako haina uwezo huo, zuia chanzo chenyewe. Simu zipangiwe kuhifadhi picha saa ambazo huchezi, kamera za ulinzi zipunguziwe ubora wa video, na konsoli iachwe ipakue masasisho ikiwa katika hali ya mapumziko. Mipangilio ya kipaumbele iliyomo kwenye ruta za kawaida husaidia kwa kiasi, hasa ikiwa inakuruhusu kuwekea kila kifaa kikomo cha kupakia.

Aina ya NAT

NAT ni namna ruta inavyowezesha vifaa vyote vya nyumbani kutumia anwani moja ya intaneti. Konsoli ikikuonyesha aina ya 3 ya NAT kwenye PlayStation au aina kali kwenye Xbox, utapata shida ya kuwasikia wenzako au kujiunga na vyumba vyao, ingawa pingi yenyewe haitabadilika. Washa UPnP, mpangilio unaoiruhusu konsoli kujifungulia njia yenyewe, kwenye ruta, kisha anzisha upya ruta na konsoli. Ikishindikana, ipe konsoli anwani ya kudumu na uielekezee bandari zake, yaani namba za milango ambayo data ya mchezo hupitia kwenye ruta. Kwa Xbox iliyo muhimu zaidi ni bandari ya 3074 ya aina ya UDP. Angalia pia kama una ruta mbili zinazofuatana, ya kwako na ya mtoa huduma, na uiweke ya mtoa huduma katika hali ya daraja, yaani ipitishe data tu na kuiachia ruta yako kazi nyingine. Anwani ya nje inayoonekana kwenye ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 mwanzoni mwake, unashiriki anwani moja na wateja wengine, na ni mtoa huduma pekee anayeweza kukupa anwani yako binafsi.

Kubadilisha DNS hakupunguzi ucheleweshaji ndani ya mechi, kwa kuwa DNS hutafuta anwani ya seva kabla ya mchezo kuanza, basi. VPN, huduma inayopitisha data yako kwanza kwenye seva nyingine, nayo kwa kawaida hurefusha njia. Na kabla ya kuilaumu intaneti, hakikisha televisheni iko katika hali ya michezo, maana uchakataji wa picha peke yake unaweza kuongeza makumi ya milisekunde kati ya kidole chako na kile unachokiona.

Ikiwa umeshaweka waya, umeshasimamia foleni, na anwani ya nje bado inapoteza pakiti hata wakati hakuna mtu mwingine anayetumia mtandao, mpigie mtoa huduma. Mpelekee vipimo vya waya vya mchana na vya usiku vikiwa na saa zake, pamoja na matokeo ya amri ya tracert, inayoitwa traceroute kwenye Mac na Linux, ili fundi aone ni hatua ipi ya njia ambako hitilafu inaanza na kuendelea hadi mwisho. Mweleze kwamba ruta yako inajibu chini ya milisekunde 1, na umwombe akague viungio na nguvu ya mawimbi kwenye laini inayoingia nyumbani.