Mnaenda Tonga, ile nchi ya visiwa Pasifiki, kuhasi mbwa na paka? Jipangeni hivi

Cha kwanza kabisa ni vibali, madaktari wa mifugo waruhusiwe kufanya kazi kule na dawa ziruhusiwe kuingia, maana ketamini, dawa ya nusu kaputi, inadhibitiwa sana, ukitua nayo bila karatasi umekwama. Msiende Novemba mpaka Aprili, ndo msimu wa vimbunga. Na Jumapili hakuna kazi, iko mpaka kwenye katiba yao ya 1875.

Ongeeni na wazee wa kijiji na wachungaji mapema, watu wakitangaziwa kanisani wanaleta wanyama, halafu ukumbi wa kanisa wenyewe unaweza kuwa ndo tieta yenu, yaani chumba cha upasuaji.

Pale mezani pima uzito kwanza, usikisie, dozi ya nusu kaputi inaenda na kilo. Jike mshone kwa nyuzi zinazoyeyuka, zifichwe ndani ya ngozi, kwa sababu wiki mbili baadaye nyie mko kwenu na hakuna wa kuzitoa. Mchoreni tatuu ndogo sikioni asije akapasuliwa tena bure.

Sehemu ya kuamkia msiichukulie poa jamani. Mbwa akiwa hajazinduka anapoteza joto hata kama nje jua linawaka, mfunike taulo, mlaze ubavu, shingo inyooke, ulimi uvutwe nje, na mtu akae naye akimwangalia fizi, zikianza kuwa nyeupe aite daktari hapohapo. Asirudi nyumbani mpaka asimame mwenyewe. Na mwenye mbwa aelezwe kwa Kitonga namna ya kuangalia kidonda, Kiingereza peke yake hakitoshi.